Risala ya Wakunjaji wa Llais y Brwyn Kabla ya Kuzimwa kwa Kompyuta Mama

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi Tesni Prydderch, Naibu Mwenyekiti wa Halmashauri yetu, Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa kijiji cha Rhyd-y-Brwyn na wa mashamba ya juu, mabibi na mabwana:

Makaribisho

Tunakusalimu kwa heshima, na papo hapo tunakuomba radhi kwa baridi. Tunajua mgeni hupokelewa koti mlangoni. Leo tunakuomba ubaki nalo. Hita ya ukumbi huu haijaharibika. Tumeizima sisi wenyewe tangu jana asubuhi, kwa sababu ambayo tutaieleza mbele, na tungependa uisikie kwetu kabla hujaisikia kwa mwingine. Bi Nerys amepitisha chai, na mkate wa zabibu umekatwa vipande vinene na kupakwa siagi. Chai ikikupolea kikombeni, nyosha mkono tu, utaongezewa.

Ratiba uliyopewa inasema: risala, neno la mgeni rasmi, kisha mgeni rasmi azime swichi. Tunakuomba uikunje ratiba hiyo na kuitia mfukoni kwa muda.

Sisi ni nani

Sisi ni wakunjaji. Gazeti letu, Llais y Brwyn, lilianza mwaka 1979, kurasa kumi na sita kila mwezi, kwa lugha yetu wenyewe, likiandikwa na watu wasiolipwa na kusomwa na watu wanaojuana. Kutoka kwa mpigachapa huja karatasi tambarare. Kuzikunja ni kazi yetu. Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi huwa tunapanga meza hizi ndefu, tunakaa watu kama ishirini, na tunakunja mpaka vidole viwe vyeusi. Anayekunja husoma, anayesoma husema, na habari ambazo mhariri aliogopa kuziandika hupata nafasi yake hapo.

Mmoja wetu aliyeacha shule akiwa na miaka tisa kwa ugonjwa wa mapafu alijifunza kusoma kwenye meza hizi. Alianza na matangazo ya vifo, kwa kuwa ndiyo yenye herufi kubwa. Ndiye tuliyemtuma asome leo. Ana haya, na hasomi haraka. Tulimchagua tukijua.

Tangu mwaka 1996 tumefanya na kazi ya pili. Kila toleo husomwa kwa sauti katika chumba cha nyuma na kurekodiwa, kwa ajili ya wenzetu wasioona. Zamani tulipeleka kanda, baadaye diski. Waliotusomea walikuwa wakulima, walimu, na dereva mmoja wa gari la maziwa ambaye hakuweza kutangaza kifo bila kukohoa kwanza. Wengi wao sasa wako makaburini juu ya barabara. Karatasi za gazeti, Mgeni rasmi, zimehifadhiwa maktaba kuu, na hatuzihofii. Sauti hazipo mahali pengine popote ila nyuma ya ukuta ulio mgongoni mwako, chumba cha nyuma, ndani ya kompyuta mama.

Kompyuta mama na mafanikio yetu

Mwaka 1992 shule ya bondeni ilitupatia kompyuta zake za zamani. Mzee Eifion Tudur, fundi wa redio na mzee wa kanisa hili, alizibeba kwa toroli. Zinaendeshwa na mfumo wake wa pekee, uliobuniwa humu nchini, ambao dunia imeshausahau. Eifion husema wanaoutumia bado wangeenea katika mabasi mawili, na mabasi hayo yasingefika, kwa sababu wangegombana njiani toleo gani lilikuwa bora.

Eifion aliziunganisha zote kwa waya. Moja, ile ya chumba cha nyuma tunayoiita kompyuta mama, aliitia diski kubwa, na zile nyingine zikawa zinaiona diski hiyo kana kwamba imo matumboni mwao. Mhariri akiandika kwenye meza ya dirishani, msahihishaji hulifungua faili lilelile kwenye meza ya mlangoni. Hivyo ndivyo gazeti letu limetengenezwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na hatujakosa toleo hata moja, si mwaka wa theluji, si mwaka daraja liliposombwa.

Kanuni zake Eifion amezibandika ukutani, na utaziona ukipita: *Usizime. Usisogeze. Ukiona saa ya mchanga kwenye kioo, ngoja. Ikizidi, niite. Nikiwa mazishini, ngoja.*

Yaliyotupata

Jengo hili la kanisa limeuzwa. Waumini tumebaki kumi na mmoja, na paa linahitaji wachangiaji mia. Hatulalamiki. Halmashauri yako ilitufanyia wema, ikakubali kuyapokea mafaili yetu katika hazina yake ya kumbukumbu, na mwezi wa Mei ikatuandikia barua yenye masharti saba. Sharti la nne lilisema: majina ya mafaili yawe safi, yasiwe na alama zisizo za kawaida.

Hapa tunakuomba uvumilivu, maana jambo lenyewe ni dogo kama punje.

Katika mfumo wetu kila faili lina alama ya siri inayosema: mimi ni maandishi, au mimi ni picha, au mimi ni sauti. Kompyuta za kawaida hazina pa kuiweka alama hiyo. Kwa hiyo faili likivuka waya kwenda kwenye kompyuta ya kawaida, alama hujitokeza mwishoni mwa jina kama mkia: koma, kisha herufi tatu. Eifion ametunga programu ndogo ambayo upande wa pili huusoma mkia huo, ikajua hili ni la aina gani na litafsiriwe vipi. Pasipo mkia haijui ianzie wapi.

Mwezi wa Julai Eifion alinakili kila kitu kwenye kompyuta mpya mliyotupatia. Siku mbili, bila kukwama hata mara moja. Akaenda hospitali kubadilishwa nyonga, akiwa na amani.

Kazi iliyobaki, ya kuyakagua masharti saba, alipewa Bi Meinir Bebb, mtunza orodha ya wasomaji wetu. Yanayofuata ametupa ruhusa tuyaseme mbele yake, na yeye ndiye aliyetaka yasemwe.

Bi Meinir aliifungua kompyuta mpya akaona majina yote yamening'iniza kitu nyuma. Akasoma tena sharti la nne. Alikuwa mke wa mfugaji kondoo kwa miaka arobaini, na anajua mkia wa mwanakondoo ulioachwa bila kukatwa kwa huruma mwezi wa nne huleta funza mwezi wa saba. Akaanza kuikata. Hakuna aliyemwonyesha njia ya mkato, kwa hiyo aliikata mmojammoja, wiki tano, kila asubuhi baada ya kulisha kuku. Alipomaliza wa elfu sita mia nne na kumi na mbili aliitazama orodha ile jinsi mtu anavyotazama shuka zilizopigwa pasi kabatini. Akaipeleka hazina. Akarudi nyumbani akajipikia supu ya vitunguu vya majani, akalala usingizi mzuri.

Mwezi wa Oktoba ikaja barua nyingine. Mafaili 6,412 hayatambuliki, na yatafutwa mwisho wa Novemba. Aliitembeza ndani ya mkoba siku mbili kabla ya kumpelekea Eifion, aliyekuwa sasa anatembea kwa fimbo.

Eifion aliisoma, akavua miwani. "Meinir, mikia iko wapi?"

"Nimeikata."

"Mingapi?"

"Yote. Si barua ilisema alama za ajabu zitoke?"

"Hata ya sauti?"

Ndipo Bi Meinir alipoelewa. Mumewe, marehemu Gwilym, alisoma ukurasa wa mashamba kwenye rekodi zetu kwa miaka ishirini na miwili. Tangu afariki, kila Jumapili baada ya chakula Bi Meinir huchukua ufunguo na kitambaa cha vumbi, huingia chumba cha nyuma, na hatoki mpaka nusu saa ipite. Sisi sote tulijua hafuti vumbi. Kwake yeye Gwilym alikuwa chumbani mle. Hakuwaza kwamba Gwilym naye ni faili, na kwamba amepita chini ya mkono wake pamoja na mengine, mara mia mbili na kitu.

Eifion aliinuka akaondoa birika lililokuwa likichemka. Kisha akasema, "Dada yangu, hakuna mchunga kondoo aliyewahi kukata mikia ya kundi zima kwa usafi kama wewe." Bi Meinir akaanza kulia, naye akahangaika kutafuta leso, akampa kitambaa cha kufutia kioo. "Usilie. Asili bado imo kwenye diski ya zamani, na mikia yake. Ila diski yenyewe inakohoa kuliko mimi."

Changamoto

Tukaanza kunakili upya, na safari hii haikukubali.

Kazi ilikwenda saa moja, pengine mbili, kisha kompyuta mama ikapotea kwenye mtandao kana kwamba haijawahi kuzaliwa. Saa ya mchanga ikakaa kwenye kioo. Baadaye ikarudi yenyewe bila kuguswa, na kazi ikabidi ianze ilipokatika, na mara nyingine tuliambulia faili nusu. Eifion alibadilisha waya. Akabadilisha kisanduku cha kuunganishia waya. Akasikiliza diski kwa bomba la mpira sikioni kama daktari wa ng'ombe. Kila mara alikuta haina kosa, na kila mara alitoka amezeeka kidogo. Bi Nerys alisema labda mashine imesikia jengo limeuzwa ikasusa. Hakuna aliyecheka sana.

Siku zikawa zinakwisha. Usiulize tulivyokuwa tukilala.

Bi Meinir hakujua lolote la mitandao, lakini miaka yote ya kuzalisha kondoo alikuwa na daftari: saa ngapi, jike gani, limezaa nini. Akafungua jipya. Akaandika kila saa mashine ilipopotea. Baada ya wiki mbili akamwekea Eifion daftari juu ya meza.

"Jumanne saa moja jioni. Alhamisi saa moja jioni. Jumapili saa nne asubuhi," alisema. "Kwaya, kukunja, ibada. Hivi mashine yako inachukia nyimbo?"

"Kwa waimbaji mlio nao, nani asingechukia?" Eifion alimjibu bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua.

Bi Meinir alikuwa ameweka kiganja juu ya bomba la hita ukutani. Lilikuwa la moto. "Julai," akasema, "hatukuwasha hili."

Ndivyo lilivyogunduliwa, Mgeni rasmi. Mwaka jana ukumbi huu uliwekewa kisanduku kipya cha kuongozea hita, kilichounganishwa na mtandao ili kipimwe kutoka ofisini kwenu. Kisanduku hicho hupewa namba kwenye mtandao, kama nyumba inavyopewa namba mtaani. Namba kiliyopewa ndiyo ileile ambayo kompyuta mama inakaa nayo tangu zamani. Hita ikiwaka, mtaa una nyumba mbili zenye namba moja, na mpeleka barua hajui agonge wapi. Hita ikizima, mama anarudi.

Dawa yake ni ya dakika mbili: kukipa kisanduku namba nyingine. Lakini kimefungwa kwa nywila iliyo ofisini kwenu. Tumeiomba mara tatu. Tumepewa namba ya ombi, nayo ni 20418, na tumejibiwa kwa adabu kwamba litashughulikiwa ndani ya siku ishirini za kazi. Leo ni siku ya kumi na saba. Tulimuuliza Eifion kwa nini asibadili namba ya kompyuta mama badala yake. Alisema ni lazima izimwe na kuwashwa ndipo ishike namba mpya, na diski ya umri ule ikilala si lazima iamke. "Kama mimi," akaongeza, na Bi Nerys akamwambia anyamaze anywe chai.

Tuliingoja nywila mpaka jana asubuhi; haikuja, kwa hiyo tumezima hita. Jana tumeshinda humu na makoti, na jana usiku tumepeana zamu. Eifion huipumzisha diski robo saa kila baada ya saa mbili, anaipepea kwa kitabu cha nyimbo, kisha anaendelea. Asubuhi hii, maneno haya yanapoandikwa, yamebaki mafaili mia tatu na kumi na moja. Makabrasha hunakiliwa kwa mpangilio wa alfabeti, na kabrasha la sauti ndilo la mwisho. Yaliyobaki yote ni sauti, ni mafaili mazito, na mengi ni ya miaka ya Gwilym. Eifion anasema huenda yakaisha saa nane na nusu, huenda saa tisa na nusu, huenda wakati wowote yakagoma. Mnunuzi anakata umeme saa kumi kamili. Na ratiba iliyo mfukoni mwako inakutaka uzime swichi mapema zaidi, kabla giza halijakukuta barabarani.

Tunakiri basi, kwa unyenyekevu, kwamba risala hii imeandikwa ndefu kwa makusudi. Hatukujua njia nyingine yenye heshima ya kumchelewesha mgeni.

Maombi yetu

Hatukuombi fedha.

Tunaomba, kwanza, mafaili yasiyo na mikia yaliyoko hazina yasifutwe mwisho wa mwezi huu, mpaka yenye mikia yafike na kuhakikiwa moja baada ya jingine. Bi Meinir amejitolea kuyahakiki. Anasema ana mazoea ya kuyapitia yote.

Tunaomba pia sharti la nne liandikwe upya. Hatusemi aliyeliandika alikosea. Alitutakia usafi, nasi tukautii usafi huo. Lakini tunajua vikundi vingine vitatu vya magazeti kama letu vimepokea barua hiyohiyo, na mahali fulani juu ya milima hiyo yuko mtu mwangalifu, mwenye muda, anayeheshimu barua ya serikali. Tafadhali mpigieni simu kabla hajaanza.

Ombi lililobaki ni la leo, na ndilo lililotukosesha usingizi. Ikiwa kazi haitakuwa imekwisha, tunakuomba umpigie mnunuzi simu moja, kwa sauti yako si yetu, aache umeme uwepo chumba cha nyuma mpaka kesho adhuhuri. Sisi tumempigia. Ametwambia mkataba ni mkataba. Pengine kwako atasema vingine. Tutakaa humu usiku kucha, hatutagusa hita, na asubuhi tutafagia.

Bi Meinir ndiye aliyeifunga swichi ile utepe mwekundu ili uizime wewe. Ameomba tuongeze sentensi yake moja, na hatukuibadili: "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeitii barua, nakuomba leo usiitii ratiba."

Tamati

Mgeni rasmi, tumefika mwisho, na hatuwezi kuusogeza zaidi ya hapa. Msomaji wetu ameambiwa akifika mstari wa mwisho akae chini.

Tunakuomba ugeuke utazame mlango wa chumba cha nyuma. Aliyeketi pale kwenye kigoda ni Mzee Eifion Tudur. Amekuwa mzee wa kanisa hili kwa miaka arobaini na mitano, na tangu utoto wake hajawahi kuvaa kofia ndani ya jengo hili. Sisi hatuvai kofia nyumbani mwa Mungu, hata kwa baridi kama hii. Tumekubaliana naye, na Mchungaji ametoa ruhusa, kwamba faili la mwisho likishavuka ataivaa.

Ukiiona kofia iko kichwani mwake, basi njoo. Tutakushika mkono hadi kwenye utepe, Bi Meinir atasimama kando yako, tutazima kwa shukrani, na kisha tutawasha hita na kuimba.

Ukiiona bado iko magotini, tafadhali nyosha mkono. Bi Nerys atakuongezea chai, na simu iko mezani mbele yako.

Mungu akulinde katika kazi yako ya kuamua kipi kitunzwe na kipi kiachwe. Akushushie barabara isiyo na barafu utakaporudi bondeni, na akujalie nyumbani kwako sauti unazozipenda, leo na hata zikishanyamaza.

Ni sisi,
Wakunjaji wa Llais y Brwyn,
Rhyd-y-Brwyn